Kula, kura na herufi U: Namna kimeng'enya kimoja kinavyosahihisha DNA

CHUKUA sentensi hii: "Wananchi walipanga foleni tangu alfajiri ili wapige kula." Kila msomaji wa gazeti ameshaona kosa lilipo, na pengine ameshacheka. Kisahihishi cha tahajia kwenye kompyuta, hata hivyo, hakitaona kitu. Kula ni neno halali la Kiswahili, limo kamusini, na hijai zake zimekamilika. Lau mwandishi angeteleza akaandika "kuqa", mstari mwekundu ungetokea papo hapo, kwa kuwa herufi q haimo kabisa katika alfabeti yetu. Kosa linalomtesa mhariri ni lile linalozaa neno jingine lililo sahihi. Neno la ajabu hujifichua lenyewe.

Nimeanza na mashaka haya ya wahariri kwa sababu ndiyo njia fupi ya kukielewa kimeng'enya kimoja kilichomo katika seli zetu, ambacho wanabayolojia hukiita glikosilesi ya yurasili, au UNG kwa ufupisho. Kazi yake ni kupita juu ya DNA na kung'oa herufi moja tu isiyostahili kuwamo, yaani U. Umbo lake limejulikana hadi kiwango cha atomu tangu mwaka 1995, na ukilitazama kwa makini utaona kwamba takriban kila kona yake inajibu swali la mhariri: nitajuaje kwamba herufi hii ni kosa, ilhali jirani zake wanafanana nayo kama pacha na pacha?

Tuyaweke sawa majina kabla ya kuendelea. Neno kimeng'enya linatokana na kitenzi meng'enya, na wengi wetu tulikutana nalo darasani tukifunzwa habari za mate, tumbo na utumbo. Ndiyo maana baadhi ya watu hudhani kwamba vimeng'enya vyote hushughulika na chakula, na wengine, kwa kuogopa dhana hiyo, huona heri waseme enzaimu. Mimi naona neno la zamani linafaa hapa kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa kimeng'enya hiki nacho kinavunja. Kinavunja kifungo kimoja cha kikemia, basi. Ama huo ufupisho UNG, msomaji wa Kiswahili atashawishika kuuona kama mzizi wa kitenzi unga. Asidanganyike. UNG hukata, wanaounga huja baadaye, na majina yao ni mengine.

Sasa DNA yenyewe. Ni ngazi ndefu iliyosokotwa kama kamba. Mihimili yake miwili imejengwa kwa sukari na fosfeti zinazopishana, na kila kidato ni jozi ya herufi mbili zinazotazamana. Herufi ni nne: A (adenini), T (thaimini), G (guanini) na C (sitosini). A huoana na T, G huoana na C. Seli moja ya mwili wa binadamu hubeba jozi takriban bilioni sita, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba.

Andiko hilo limelowa maji muda wote, na maji ndiyo adui tunayemzungumzia hapa. Hatuhitaji kutaja moshi wa sigara wala jua kali. C ina kikundi kidogo cha nitrojeni na haidrojeni kinachoitwa amino, kimening'inia ubavuni mwake. Mara kwa mara molekuli ya maji hukishambulia kikundi hicho na kukiondoa, na oksijeni hukaa mahali pake. Papo hapo herufi haiwi tena C. Imekuwa yurasili, yaani U. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya matukio 100 na 500 kwa kila seli kila siku. Ukilinganisha na bilioni sita, ni tone baharini. Ila seli ni nyingi mno na siku za mtu kuishi ni nyingi, na kila tukio lina matokeo, kwa sababu U haioani na G. U huoana na A. Seli itakapogawanyika na kunakili maandishi yake, mahali palipokuwa na jozi ya C na G patakuwa, katika nusu ya nakala, na jozi ya T na A. Maana imebadilika, na itarithiwa na kila seli itakayotoka hapo.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliiona DNA kama kitu imara kisichooza kirahisi. Tomas Lindahl, mwanakemia wa Sweden, ndiye aliyepima kasi ya uozo huo na kuona kwamba hesabu hazikubaliani na uhai tunaouona. Kama DNA inaharibika kiasi hiki, alisababu, lazima kuwe na kitu kinachoitengeneza. Alikitafuta katika bakteria wa kawaida wa utumboni, na mwaka 1974 akatangaza kwamba amekipata: kimeng'enya kinachoitoa U katika DNA na kuiacha ikielea peke yake. Kazi hiyo na nyingine zilizofuata zilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015, pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Hapa ndipo mfano wa kula na kura unapofaa. RNA, ndugu wa DNA anayebeba ujumbe ndani ya seli, hutumia herufi U kila siku bila tatizo. DNA badala yake hutumia T. Tofauti kati ya U na T ni ndogo ajabu: T ni U iliyovishwa kikundi kimoja cha methaili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu. Kuivisha U kikundi hicho si bure, kwani seli hutumia nishati, vimeng'enya maalumu na vitamini ya foleti. Mbona iingie gharama hiyo yote wakati U ingeweza kuoana na A vilevile?

Jibu linalokubalika na wengi ni kwamba gharama hiyo inanunua uwezo wa kuhariri. DNA ingekuwa inaandikwa kwa U, basi kila C iliyooza ingegeuka herufi halali, na msahihishaji asingeweza kuitofautisha na U zilizokusudiwa. Ingekuwa kula mahali pa kura. Kwa kuwa U imefukuzwa katika alfabeti ya DNA, kila inapotokea ni "kuqa". Haihitaji kuulizwa imetoka wapi wala jirani yake ni nani. Inang'olewa.

Mfereji na kishimo

Kusema "inang'olewa" ni rahisi. Kimeng'enya hakina macho wala kamusi. Kitaijuaje U? Hili ndilo swali ambalo muundo wake ulilijibu.

Jeni ya kimeng'enya hiki ya binadamu ilitengwa mwaka 1989 na kundi la watafiti wa Norway, akiwemo Hans Krokan, ambaye baadaye aliendeleza kazi hiyo mjini Trondheim. Kundi la Krokan likashirikiana na la John Tainer huko California, ambalo lilijua kukuza fuwele za protini. Protini ikikubali kujipanga kwa safu katika fuwele, kama chumvi inavyofanya, miale ya eksirei inayopita ndani yake hutawanyika kwa mpangilio unaoweza kupigiwa hesabu hadi mahali pa kila atomu pajulikane. Mwaka 1995 wakachapisha umbo la kimeng'enya cha binadamu. Mwaka huohuo kundi la Laurence Pearl mjini London likachapisha la ndugu yake anayepatikana katika virusi vya herpesi, na maumbo hayo mawili yakafanana sana. Mwaka uliofuata ikaja picha iliyongojewa zaidi: kimeng'enya cha binadamu kikiwa kimeikumbatia DNA.

Ni protini ndogo. Sehemu inayofanya kazi ina asidi amino 223 tu. Katikati pana tepe nne zilizolala sambamba kama majani ya mkeka, na kandokando yake zimepangwa helisi, yaani nyuzi zilizojisokota kama springi. Upande mmoja wa mwili huu unakatwa na mfereji. Upana wa mfereji huo unalingana na unene wa DNA, takriban nanomita mbili, na kuta zake zina chaji chanya. DNA, kwa sababu ya fosfeti zake, ina chaji hasi. Kwa hiyo hushikana bila kulazimishana, na kimeng'enya kinaweza kuteleza na kurukaruka juu ya ngazi kikitafuta.

Sakafuni mwa mfereji kuna kishimo chembamba. Hicho ndicho kiini cha habari yote. Kishimo hicho ni kirefu na kimejibana, kiasi kwamba herufi iliyokaa mahali pake ndani ya ngazi haiwezi kukifikia. Ili ikaguliwe, lazima itoke. Picha ya 1996 ilionyesha jambo hilo waziwazi: U ilikuwa imepinduliwa nje ya ngazi, imezunguka kama nusu duara, imedumbukia kishimoni, na pengo lililoachwa ndani ya ngazi lilikuwa limezibwa na asidi amino moja ya kimeng'enya, leusini ya namba 272, iliyoingia kama kidole kinachoshikilia ukurasa. Pale mfereji unapoikumbatia, DNA imepindwa na fosfeti zake zimebanwa pande zote mbili.

Mle kishimoni herufi hupimwa kwa umbo lake, jinsi ufunguo unavyopimwa na kitasa. A na G hazina nafasi, kwa kuwa kila moja ina pete mbili na kishimo kina upana wa pete moja. Zinabaki tatu zenye pete moja: T, C na U.

T inazuiwa na tairosini ya namba 147. Asidi amino hii imekaa ukutani, hasa mahali ambapo kikundi cha methaili cha T kingetaka kupita. U haina methaili, hivyo inapenya. Kile kikundi ambacho seli iligharimika kukiongeza ndicho kinachoiokoa T isikatwe.

C ni ngumu zaidi kuibagua kwa sababu kimo chake na cha U vinalingana kabisa. Tofauti iko kwenye ukingo mmoja tu. U ina oksijeni inayopokea haidrojeni na, jirani yake, nitrojeni inayotoa haidrojeni. C ni kinyume chake: mahali pa kupokea inatoa, mahali pa kutoa inapokea. Mbele ya ukingo huo imekaa asparajini ya namba 204, yenye mkono mmoja wa kutoa na mmoja wa kupokea, imeelekezwa hivyo kwamba inashikana na U vizuri lakini kwa C inakuwa kama watu wawili wanaosalimiana, mmoja akinyoosha mkono wa kulia na mwenzake wa kushoto. Salamu haikamiliki, na C inarudi kwao.

Haya yangeweza kubaki maelezo matamu ya kwenye picha, kama si jaribio ambalo Krokan na wenzake walilichapisha mwaka huohuo wa 1996. Walibadilisha asparajini ya namba 204 ikawa asidi ya aspatiki, tofauti ya atomu chache tu. Kimeng'enya kilichotokea kikaanza kukata C. Kisha katika kimeng'enya kingine wakaiondoa tairosini ya namba 147 na kuweka alanini, ambayo ni ndogo. Hicho nacho kikaanza kukata T. Fikiria uzito wa jambo hilo. Asidi amino moja kati ya mia mbili na ushee ndiyo inayotenganisha msahihishaji na mharibifu anayezing'oa herufi halali katika kila ukurasa. Sijui kama kuna mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba umbo la protini ndilo kazi yake.

Na RNA je, iliyojaa U za halali? UNG haiigusi. Sukari ya RNA ina oksijeni moja zaidi, na mikunjo ya kimeng'enya imefinyangwa kwa ajili ya sukari ya DNA.

U inaposhikwa sawasawa, asidi ya aspatiki ya namba 145 huielekeza molekuli ya maji, histidini ya namba 268 husaidia kutuliza chaji inayojitokeza, na kifungo kati ya herufi na sukari hukatika. Maji yaliyoleta kosa ndiyo yanayotumiwa kulitoa. Kimeng'enya huongeza kasi ya mkatiko huo takriban mara trilioni moja.

Jambo moja lilibishaniwa kwa miaka. Je, kidole cha leusini ndicho kinachoisukuma herufi nje ya ngazi? Picha za fuwele ziliwafanya wengi waseme hivyo, na maelezo ya kubana, kusukuma na kuvuta yakaingia vitabuni. Lakini picha ya fuwele ni picha mnato. Inaonyesha tendo lilipoishia, haionyeshi lilivyoanza. Vipimo vya baadaye, hasa vya kundi la James Stivers la Baltimore vilivyochapishwa mwaka 2007, vilionyesha kwamba vidato vya DNA hufunguka vyenyewe kwa nukta ndogo mno ya wakati kisha hujifunga. Jozi za A zikiwa na T au U hulegea upesi kuliko za G na C. Kimeng'enya huotea pale herufi inapochungulia nje, na kuinasa. T nayo hunaswa, ikashikwa kwa muda kwenye kizingiti cha kishimo, ikakaguliwa, ikaachwa ijirudie. Mimi naegemea upande huu wa pili, kwa sababu unaeleza namna kimeng'enya kinavyoweza kupekua herufi nyingi hivyo bila kutumia hata chembe ya nishati ya seli. Kidole cha leusini bado kina kazi: kinazuia mlango usijifunge.

Kukata hakutoshi

U ikishatoka, DNA haijapona. Imebaki na kidato kisicho na herufi, nalo ni pengo la hatari, kwa maana kinakilishi kikifika hapo hakina cha kusoma. Kimeng'enya cha pili, kiitwacho APE1, huukata mhimili kando ya pengo. Cha tatu huweka C mpya kwa kuitazama G iliyo ng'ambo. Cha nne, ligesi, ndicho kinachounga. Uchunguzi umeonyesha kwamba UNG hulikalia pengo hilo hata baada ya kumaliza kazi yake, na APE1 inapofika humsaidia mwenzake kubanduka. Kwa lugha ya mtaani, haachi shimo barabarani kabla ya fundi wa lami kufika.

Hata hivyo mfumo huu una upofu, na upofu wenyewe unatokana na methaili ileile. Seli zetu huziwekea baadhi ya C alama ya methaili, hasa zile zinazofuatwa na G, ili kuzima jeni zisizohitajika. C yenye alama hiyo ikipoteza kikundi chake cha amino kwa maji, haiwi U. Inakuwa T. T ni herufi halali. Hiyo sasa ndiyo kula mahali pa kura, na UNG haiwezi kuiona. Vipo vimeng'enya vingine vinavyojaribu kulisahihisha kosa hilo kwa kuangalia kama T imekaa mbele ya G, lakini kazi yao ni ya polepole. Matokeo yake yanaonekana hospitalini. Mahali penye C ya methaili ikifuatwa na G ni miongoni mwa mahali panapobadilika zaidi katika DNA ya binadamu, na kadhaa kati ya mabadiliko yanayoonekana mara kwa mara katika jeni ya p53, ambayo huharibika katika saratani nyingi, yapo hapohapo.

Kuna upande mwingine, nao unatuhusu jikoni. Nilitaja kwamba kuivisha U methaili kunahitaji foleti. Foleti ikipungua mwilini, T hupungua, U huzidi, na kinakilishi cha DNA, ambacho hakizitofautishi vyema, huanza kuandika U mahali pa T. UNG hufanya kazi yake na kuzikata. Lakini C haikuwamo hapo; palihitajika T, na T haipo. Pengo hujazwa tena kwa U. Hukatwa tena. Mikato miwili ikikaribiana kwenye mihimili inayotazamana, kromosomu inaweza kuvunjika. Msahihishaji mwaminifu aliyekosa wino huishia kuuchana ukurasa. Hiyo ni sehemu ya sababu ya seli za damu, zinazogawanyika upesi, kuathirika mapema kwa upungufu huu. Kunde, ndengu na mboga za majani zina foleti, na humu nchini sheria inataka iongezwe pia katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti. Dawa kadhaa za saratani, ikiwemo methotreksati, hutumia njia hiyohiyo kwa makusudi: huikosesha seli ya saratani T.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mwili nao wakati mwingine huandika U kwa kusudi. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, zina kimeng'enya kiitwacho AID ambacho huigeuza C kuwa U ndani ya jeni za kingamwili. UNG huja, hukata, na mapengo yanayotokea hutumika kupanga upya jeni hizo ili seli itoke kwenye kingamwili ya mwanzo, IgM, na kutengeneza aina nyingine zenye kazi maalumu. Mwaka 2003 ilielezwa kwamba watu wachache waliozaliwa na UNG mbovu walibaki na IgM tele huku aina nyingine zikiwa haba, nao wakawa wakiugua maambukizi mara kwa mara. Watafiti walikuwa wakiijua UNG kama mlinzi dhidi ya makosa, na sasa wakaiona pia ikishiriki katika makosa yenye faida.

Shughuli hiyo ina hatari zake. AID ikipotea njia na kuandika U katika jeni isiyohusika, mikato hufuata huko pia. Katika saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC huunganishwa mara nyingi na kromosomu ya 14, kando ya jeni za kingamwili. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, na hadi leo unaonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, likiwemo bonde la Ziwa Victoria. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba uunganishaji wa aina hiyo huhitaji AID, na huhitaji UNG pia.

Yapo hata maumbile yaliyokataa kabisa kanuni ya U na T. Virusi viitwavyo PBS2, vinavyoshambulia bakteria wa udongoni, vina DNA iliyoandikwa kwa U badala ya T mwanzo hadi mwisho. Vingekatwakatwa vyote mara tu vinapoingia ndani ya bakteria, kama si kwa silaha moja vinayobeba: protini ndogo ya asidi amino 84 iitwayo Ugi. Kundi la Tainer liliipiga picha pia, ikiwa imeshikana na UNG ya binadamu. Ugi imejigeuza mfano wa DNA. Ina chaji hasi kama fosfeti zinavyokuwa nayo, inalala ndani ya mfereji, na ina kishimo chake cha mafuta ambamo kile kidole cha leusini kinazama kisitoke. UNG hudhani imeshika DNA, na haiachilii tena.

Ujanja huo wa virusi umepata kazi mpya. Mwaka 2016 maabara ya David Liu ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitangaza zana ya kubadilisha herufi moja ya DNA bila kuikata mihimili yote miwili. Zana hiyo huigeuza C kuwa U mahali palipochaguliwa, ili hatimaye isomwe kama T. Kikwazo kilikuwa kimoja: UNG ya seli ilikuwa ikiliona badiliko hilo kama kosa la kawaida na kuling'oa. Watafiti wakaishonea zana yao Ugi, na badiliko likaanza kudumu. Mwaka 2022, mjini London, msichana wa miaka 13 aliyekuwa na saratani ya damu iliyoshinda matibabu mengine alitiwa seli za kinga za mtu mwingine zilizohaririwa kwa zana ya aina hiyo, zikapatiwa nafasi ya kuifanya kazi yake ya kuwinda saratani bila kushambuliana zenyewe kwa zenyewe. Siku ishirini na nane baadaye saratani haikuonekana tena, na akaweza kupandikizwa uboho.